Anakoroma? Sikilizia kile kimya

"Muache, kalala fofofo huyo." Hii dhana inaniuma kuliko zote maana imezoeleka mno. Kukoroma sio usingizi mtamu, ni hewa inapita kwa shida, misuli ya koo imelegea, ulimi umerudi nyuma, zile nyama laini zinatetemeka ndo unasikia mngurumo. Sio kila anayekoroma ni mgonjwa, ila usisikilize kelele tu, sikilizia kimya. Mtu anakoroma weee, ghafla kimyaa, kifua kinahangaika lakini hewa haipiti, sekunde 10, 20, halafu anashtuka anavuta pumzi kama kaibuka toka majini, anageuka anaendelea. Huyo pumzi imekata. Wapo inaowakata zaidi ya mara 30 kwa saa na asubuhi hawakumbuki hata moja, wanachojua ni kichwa kinauma, mdomo mkavu, na mchana wanasinzia mpaka kwenye usukani. Ikiachwa miaka hivyohivyo presha inapanda, moyo unaweza kuanza kudunda ovyo, na kiharusi kinakuwa karibu zaidi.

Eti ni shida ya wanaume wanene? Uzito unachangia kweli, mafuta ya shingoni yanabana njia ya hewa. Ila makadirio yanayotajwa sana ni kwamba kama 40% ya wanaume na 24% ya wanawake watu wazima wanakoroma mara kwa mara, yani karibu mwanamke 1 kati ya 4, na hedhi ikishakoma ndo inazidi. Na mwembamba mwenye taya dogo au tonsesi kubwa anakoroma vizuri tu. Wadada wengi wanaona aibu kusema, wanaishia kutibiwa uchovu miaka na miaka.

Bia mbili ulale vizuri? Hapana jamani, pombe inalegeza koo zaidi, na baadhi ya vidonge vya usingizi vivyo hivyo.

Na wanaosema haina tiba, ipo. Wengine kulala ubavu na kupunguza kilo kunatosha. Pumzi ikiwa inakata kuna mashine ya CPAP, unavaa barakoa inasukuma hewa koo lisijifunge, Colin Sullivan na wenzake Australia waliitangaza tangu 1981. Kwa hiyo wewe unayelala pembeni yake, mrekodi kwenye simu usiku aende nayo kwa daktari, maana mwenyewe hana anachokumbuka.