Eneo lililokombolewa: maana yake katika vita dhidi ya Mreno

Katika historia ya vita vya ukombozi vya Msumbiji na Guinea-Bissau, maneno "maeneo yaliyokombolewa" yanajitokeza kila mara. Wengi huyachukua kama sehemu ya ramani ambako Mreno alikuwa ameshafukuzwa, basi. Maana hiyo haitoshi. Eneo lililokombolewa ni sehemu ya nchi ambako, vita vikiwa bado vinaendelea, mkoloni hawezi tena kukusanya kodi, kuwatia watu shokoa, yaani kazi ya kulazimishwa, wala kununua mazao yao kwa bei aitakayo, na chama cha ukombozi kimeshaanza kufanya kazi za serikali: kufundisha watoto, kutibu wagonjwa, kuamua kesi, kuendesha biashara. Ndege za mkoloni zaweza kupita juu kila siku, na ngome yake ikawa mwendo wa saa chache tu. Bado eneo huitwa limekombolewa, maana maisha ya watu hayamo tena mikononi mwake.

Mfano ulio karibu nasi ni Cabo Delgado, jimbo lililo kusini tu ya mto Ruvuma. Kabla ya vita, wakulima wa huko walilazimishwa kulima pamba na kuiuza kwa kampuni yenye kibali cha kununua peke yake, kwa bei iliyopangwa juu yao. Wamakonde wengi walivuka mto kuja Tanganyika kukata mkonge. Tarehe 16 Juni 1960, watu waliokusanyika Mueda kudai haki zao walimiminiwa risasi na askari wa Kireno. Miaka miwili baadaye, 25 Juni 1962, FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, ikaundwa Dar es Salaam chini ya Eduardo Mondlane, na 25 Septemba 1964 vita vikaanza kwa shambulio la Chai, kituo cha Wareno huko Cabo Delgado.

Vita vilipopamba moto, Wareno walijikusanya kwenye ngome na miji midogo, na maduka ya vijijini yakafungwa. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba kumfukuza mkoloni na kukomboa watu ni kazi mbili. Mkulima aliyekwisha kuachana na Mreno alihitaji bado chumvi, nguo, sabuni na jembe. Nani angemletea, na kwa malipo gani? FRELIMO ikabidi iendeshe biashara ya mpakani. Karanga, ufuta, korosho, nta na vinyago vya Kimakonde vilibebwa kichwani kwa siku kadhaa porini hadi Ruvuma, vikavushwa kuuzwa kusini mwa Tanzania. Bidhaa za dukani zikarudi kwa njia hizohizo walizopita wabeba risasi na dawa. Mabega na vichwa vya wanavijiji ndivyo vilivyobeba sehemu kubwa ya vita hivi, na wanawake walikuwa wengi miongoni mwao hata kabla ya Kikosi cha Wanawake cha FRELIMO kuanzishwa mwaka 1967.

Biashara hiyo ndiyo iliyozaa mgogoro ambao, kwa maoni yangu, unaeleza dhana hii kuliko mapigano yoyote. Lázaro Nkavandame, kiongozi wa FRELIMO wa Cabo Delgado, alisimamia mauzo hayo pamoja na wenyeviti wa chama waliokuwa chini yake. Wakulima walilalamika kwamba bidhaa zinawafikia chache na ghali, huku faida ikiishia kwa wakubwa. Viongozi vijana wa jeshi, Samora Machel akiwa mmoja wao, waliuliza swali zito: kama mkulima anapunjwa na mweusi mwenzake mahali palepale alipopunjwa na kampuni ya pamba, ukombozi uko wapi? Wenzake Nkavandame waliona vijana hao wanawanyang'anya wazee wa Kimakonde mamlaka yao ya haki. Mkutano mkuu wa pili wa FRELIMO, uliofanyika Julai 1968 huko Matchedje, Niassa, ndani ya Msumbiji yenyewe, haukumaliza ugomvi. Mwanzoni mwa 1969 Nkavandame alisimamishwa uongozi, na baadaye mwaka huohuo akajisalimisha kwa Wareno. Katikati ya msukosuko huo, 3 Februari 1969, Mondlane aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu.

Guinea-Bissau nako walipita njia hiyohiyo, tena mapema. Amílcar Cabral, kiongozi wa PAIGC, chama cha ukombozi cha huko, alikuwa mtaalamu wa kilimo aliyeizunguka nchi nzima kwa sensa ya kilimo mwaka 1953, kwa hiyo alijua mpunga unalimwa wapi na nani anaununua. Vita vilianza Januari 1963, na kabla ya mwaka na nusu kupita baadhi ya makamanda wa PAIGC walikuwa wamejifanya machifu: wanaonea raia, wengine hata kuua watu kwa tuhuma za uchawi. Cabral aliwaita Cassacá, kusini mwa nchi, Februari 1964, akawachukulia hatua kali. Mkutano huo ndio ulioweka jeshi chini ya chama na kuamua yafunguliwe maduka ya umma, ambako mkulima alileta mpunga wake akabadilishiwa vitambaa, sukari na zana. Cabral aliwasisitizia makada wake kwamba watu hawapiganii mawazo yaliyo kichwani mwa mtu. Wanapigania maisha bora na kesho ya watoto wao.

Kwamba uzito wa eneo la namna hii uko kwa watu, mkoloni mwenyewe alilijua. Dawa yake ilikuwa kuwahamisha. Mwaka 1970 Jenerali Kaúlza de Arriaga aliendesha operesheni kubwa kaskazini mwa Msumbiji akateka kambi kadhaa za FRELIMO, lakini kambi huhamishika. Kilichoumiza zaidi ni vile vijiji vilivyozungushiwa ua, aldeamentos, ambamo mamia ya maelfu ya wananchi walisombwa ili wapiganaji wasipate chakula wala habari. Mbinu hii ni ya zamani. Wapigania uhuru wa Kuba, waliotangaza vita dhidi ya Uhispania mwaka 1868 na kupitisha katiba yao Guáimaro mwaka uliofuata, walikuwa na utawala wao maporini. Vita viliporudi tena, Jenerali Valeriano Weyler alianza mwaka 1896 kuwarundika wakulima katika miji yenye ulinzi. Makumi ya maelfu walikufa kwa njaa na maradhi.

Maisha ndani ya maeneo yaliyokombolewa hayakuwa rahisi, na si haki kuyapamba. Watu walilima kwa kujificha ndege, walihama mara kwa mara, na mtu aliyetaka kurudi upande wa Wareno angeweza kutiliwa shaka ya usaliti, jambo la hatari kubwa. Pia bila nchi ya nyuma ya kuegemea yasingedumu: FRELIMO ilikuwa na kambi ya mafunzo Nachingwea, hospitali Mtwara na shule Bagamoyo. Tena yalikuwa sehemu ndogo ya Msumbiji. Baada ya uhuru wa 25 Juni 1975, uongozi uliyachukua kama kielelezo cha nchi nzima, ilhali wananchi wengi, hasa wa kusini, hawakuwahi kuishi humo hata siku moja. Naamini mvutano uliokuja baadaye juu ya vijiji vya ushirika una mzizi wake mmoja hapo.

Upande wa sheria za kimataifa, dhana hii iliwahi kuzaa matunda makubwa. Aprili 1972 wajumbe watatu wa Umoja wa Mataifa, kutoka Ecuador, Sweden na Tunisia, waliingia Guinea-Bissau kwa mwaliko wa PAIGC wakatembea porini na kuona shule na zahanati kwa macho yao. Mwaka huohuo chama kikafanya uchaguzi katika maeneo yake. Cabral aliuawa Conakry, katika nchi jirani ya Guinea, 20 Januari 1973, lakini bunge lililochaguliwa lilikutana eneo la Boé na kutangaza uhuru 24 Septemba 1973. Mwezi Novemba Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura 93 dhidi ya 7 kulaani uvamizi wa Ureno katika nchi hiyo. Yaani Mreno, aliyekuwa bado ameshika Bissau, ndiye sasa aliyehesabiwa mvamizi.

Dhana hii bado ina kesi moja inayoendelea, nayo ni ya Sahara Magharibi, lililokuwa koloni la Uhispania. Polisario, chama cha ukombozi cha huko, ilitangaza Jamhuri ya Kiarabu ya Kidemokrasia ya Sahrawi huko Bir Lehlou 27 Februari 1976, Wahispania wakiwa wameondoka na Moroko na Mauritania zimeingia. Ardhi iliyo mashariki ya ukuta wa mchanga uliojengwa na jeshi la Moroko, wenye urefu wa takriban kilomita 2,700, Polisario huiita maeneo yaliyokombolewa. Moroko huiita ukanda wa kutenganisha majeshi. Ni jangwa lenye wakazi wachache mno. Shule, hospitali na mahakama za jamhuri hiyo zipo hasa katika kambi za wakimbizi karibu na Tindouf, upande wa Algeria.