Je, Nchi Ikijitenga Hupoteza Bahati Nasibu na Ruzuku za Michezo?

Wengi huamini kwamba Uskoti ikijitenga na Uingereza, siku hiyohiyo wakazi wake watafungiwa bahati nasibu ya taifa na wanamichezo wake watakosa ruzuku. Hofu hiyo inaeleweka, na ilisikika kabla ya kura ya maoni ya 2014 kuhusu uhuru wa Uskoti.

Lakini mipaka ya nchi na ya bahati nasibu si lazima ilingane. Kisiwa cha Man, kilicho kati ya Uingereza na Ayalandi, si sehemu ya Uingereza, ila tiketi zilezile huuzwa madukani huko. Kinachoamua ni sheria, leseni ya mwendeshaji na makubaliano ya serikali. (Wanaoahidi kwamba mgawo wa fedha za bahati nasibu utabaki uleule nao wanaharakisha mambo.)

Katika kila pauni 1 ya bahati nasibu inayotengwa kwa manufaa ya jamii, takriban peni 20 huenda michezoni. Sehemu hugawiwa Uskoti kwenyewe. Nyingine hupitia chombo cha Uingereza nzima kinachogharimia maandalizi ya Olimpiki. Hiyo ya pili ndiyo ngumu kugawana.

Ukitaka kuhakiki, soma masharti ya bahati nasibu hiyo, hasa yanayotaja mahali tiketi zinaporuhusiwa kuuzwa. Kisha tafuta jina la mji wowote wa Uskoti kwenye orodha ya ruzuku iliyo wazi kwa umma, uone nani alilipwa na kupitia wapi.