Kushusha gari la paa la kukunja: anza na nafasi, si na springi

Hivi karibuni lililetwa kwangu gari dogo la paa la kukunja, limeshushwa milimita 50 mbele na 45 nyuma. Kwa macho lilipendeza kweli. Mwenye gari alikuwa amechoka nalo. "Fundi, nitafutie shokapu laini, hizi zinanivunja mgongo." Nikalipandisha, nikatoa gurudumu la mbele na kuvuta juu kifuniko cha vumbi cha shokapu. Stopa ya raba, ile inayozuia gurudumu lisipande kupita kiasi, ilikuwa imesagika na kuacha unga mweusi kwenye fimbo. Shokapu zilikuwa nzima. Gari lilikuwa limezikalia stopa zake hata likiwa limeegeshwa, kwa hiyo kila tuta lilipiga raba iliyokwisha kubanwa, na kutoka kwenye raba pigo likaingia moja kwa moja kwenye bodi.

Magari mengi ninayoletewa kwa malalamiko ya ugumu yana tatizo hilihili. Watu hudhani gari limekuwa gumu kwa sababu springi mpya ni ngumu. Mara nyingi limekuwa gumu kwa sababu gurudumu halina tena pa kwenda.

Tuchukue hesabu ndogo. Tuseme gurudumu lilikuwa na milimita 70 za kupanda kabla ya kugusa stopa. Ukilishusha gari milimita 30, zimebaki 40. Nishati ya pigo ambayo springi inaweza kumeza inaongezeka kwa mraba wa umbali inaobanwa. Ukiacha kando kazi ya shokapu, ili milimita 40 zimeze pigo lilelile lililomezwa na 70, springi ingehitaji kuwa ngumu mara tatu. Ukishusha milimita 20 tu, bado ingehitaji kuwa ngumu karibu mara mbili. Hakuna anayeuza springi za barabarani zilizoongezewa ugumu mara tatu, na zingekuwepo usingezitaka. Springi za kushushia huongezwa ugumu kidogo, na kazi iliyobaki huangukia kwenye stopa.

Kwenye gari lenye paa la chuma makosa haya huvumilika zaidi. Gari la wazi halisamehi, na hapa naomba uvumilivu wako, kwa sababu jambo hili ndilo linalonifanya nikatae kazi nyingine.

Paa la chuma linashikilia nguzo za mbele na za nyuma zisipindane. Likiondolewa, bodi inabaki kama sanduku la viatu lisilo na kifuniko: shika pembe mbili zinazokabiliana, geuza, nalo linajipinda. BMW walipoitengenezea Z3, gari lao dogo la wazi, paa la kudumu na kuifanya kupe, ugumu wa bodi dhidi ya kupindwa ulizidi mara mbili wa ile ya wazi. Wahandisi hujaribu kufidia kwa kunenepesha vizingiti vya milango na kufunga vyuma vya msalaba chini ya sakafu, lakini hawafikii ugumu wa gari lililofungwa. Kwa hiyo mimi huihesabu bodi ya gari la wazi kuwa springi ya tano, isiyo na shokapu ya kuituliza.

Magurudumu yenyewe, yakipigwa na barabara, hurukaruka kati ya mara 10 na 15 kwa sekunde. Bodi ya gari la wazi mara nyingi hutetemeka kwa mwendo ulio karibu na huo. Viwili hivyo vikikutana vinachocheana. Utaona kioo cha kuangalia nyuma kinafifisha picha, fremu ya kioo cha mbele inacheza na usukani unatikisika mkononi, ingawa barabara si mbaya kiasi hicho. Sasa ongeza stopa inayopigwa kila mara, au shokapu iliyokazwa kupita kiasi, na umeilisha bodi kile inachokipokea vibaya zaidi: mapigo mafupi na makali. Kinachosumbua masikio na mgongo ni hayo. Springi iliyo ngumu kidogo zaidi, inayobanwa na kurudi kwa utaratibu, haileti shida hiyo.

Ndiyo maana mteja akiniuliza tushushe kiasi gani, sijibu kabla ya kupima. Natoa springi, narudisha shokapu na stopa peke yake, napandisha gurudumu kwa jeki polepole mpaka stopa iguswe, kisha napima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi. Nalinganisha na kipimo nilichochukua gari likiwa limesimama sakafuni. Tofauti ndiyo nafasi tuliyo nayo. Usipime kutoka chini, maana upepo wa tairi na uchakavu wake vitakudanganya. Kipimo hiki hushangaza wengi. Mazda MX-5 ya kwanza, iliyotoka 1989, ina saspensheni nzuri sana ya mikono miwili kila gurudumu, lakini nafasi yake ya kupanda ni finyu tangu kiwandani. Ndiyo maana wengi hufunga vikombe vya juu vya shokapu (vinavyoshikilia kichwa chake kwenye bodi) vya MX-5 ya kizazi cha pili, vinavyoirudishia shokapu nafasi kidogo. Kwa gari la namna hiyo, milimita 20 hadi 25 ndiyo mwisho wangu bila kubadilisha vikombe au mwili wa shokapu. Nikiona baada ya kushusha zitabaki chini ya milimita 45 za kupanda, nasema hapana, au tutafute shokapu fupi.

Springi nazichagua kwa mwendo wa bodi, si kwa jina lililo kwenye boksi. Gari la kawaida la abiria hupanda na kushuka juu ya springi zake kati ya mara 1 na 1.5 kwa sekunde. Pembe ya gari iliyobeba kilo 300 inahitaji ugumu wa kama nyutoni 17 kwa milimita, ukipimwa kwenye gurudumu, ili iende mara 1.2 kwa sekunde. Kufika 1.5 inahitaji karibu 27. Kwa gari la wazi la barabarani napenda kubaki 1.3 au 1.4, nyuma ikiwa juu kidogo ya mbele. Wazo hilo la nyuma si langu. Maurice Olley wa General Motors alilifanyia majaribio miaka ya 1930: mbele inapiga tuta kwanza, nyuma inafuata ikiwa na mwendo wa haraka zaidi, inaiwahi mbele, na gari linatulia badala ya kubembea kama mtumbwi. Kumbuka pia kuwa ugumu wa springi si ugumu wa gurudumu. Springi ikikaa katikati ya mkono wa saspensheni, gurudumu linapata sehemu ndogo tu. Kama springi inasogea 0.7 ya mwendo wa gurudumu, ugumu huzidishwa kwa mraba wa 0.7, hivyo nyutoni 40 zinakuwa chini ya 20.

Usifunge springi za kupe kwenye gari la wazi la jina hilohilo. La wazi kwa kawaida ni zito zaidi kwa sababu ya vyuma vya kuimarisha, na paa likikunjwa uzito unahamia nyuma. Utapata gari lililoinamisha mkia. Kukata springi sitakujadili sana: ukiondoa mzunguko 1 kati ya 6 inayofanya kazi unaongeza ugumu kwa asilimia 20 bila kuchagua, na springi inaweza kuchomoka kitini gari likiruka.

Stopa ninaihesabu kama springi halali. Zilizotengenezwa kwa povu la poliyurethani huanza laini na kukaza taratibu, na kwenye gari lililoshushwa hugusana mapema, kwa hiyo umbo lake lina maana kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Zikihitaji kufupishwa, nakata kidogo upande ulioelekezwa na mtengenezaji, kamwe si ncha iliyochongoka inayoanza kazi. Kisha nafunga kamba ndogo ya plastiki kwenye fimbo ya shokapu, nampa mwenye gari aende nalo siku kadhaa. Kamba ikirudi imesukumwa mpaka mwisho, tumeshusha mno.

Kwenye shokapu nataka nguvu ya kurudi iongezwe kulingana na springi, na nguvu ya kubana kwa mapigo ya haraka iachwe laini. Koilova (shokapu na springi kwa pamoja, zinazorekebishika) zenye vifundo vingi vya kurekebishia si lazima. Nimeona watu wakizikaza mpaka mwisho wakidhani gari litatulia, kumbe wanaitikisa bodi ileile wanayotaka kuituliza.

Jiometri hubadilika bila wewe kuigusa. Kwenye saspensheni ya MacPherson, ambayo shokapu yenyewe ndiyo nguzo ya gurudumu, mikono ya chini ikipita usawa na kuelekea juu, kituo ambacho gari linalala kukizunguka hushuka haraka kuliko kitovu cha uzito wa gari, hivyo gari lililo chini linaweza kutaka kulala zaidi kwenye kona. Wengi hujibu kwa springi ngumu zaidi, na shida inarudi. Z3 nyuma ina mikono ya kukokota kimshazari: ukiishusha, magurudumu yanalala ndani na mwelekeo wao unabadilika, na haina skrubu za kurekebishia kutoka kiwandani. Hapo lazima upange bushi au mabano ya kurekebisha kabla hujaagiza springi.

Kuna hatua moja inayorukwa karibu kila mahali, nayo haigharimu chochote. Bushi za raba zilizogandishwa kwenye chuma hujipinda kila mkono unapocheza. Ukikaza bolti zake gari likiwa linaning'inia, ukilishusha sakafuni tayari zimejipinda na zinavuta. Gari linakuwa gumu, linakaa juu kuliko ulivyokusudia, na raba zinapasuka mapema. Legeza bolti, shusha gari likalie magurudumu, litikise mara kadhaa, ndipo ukaze. Nimewahi kulirudisha gari kwenye utulivu wake kwa spana hiyo tu.

Angalia vyuma vya msalaba chini ya sakafu, kwani kwenye gari la wazi mara nyingi ndivyo vitu vya chini kabisa. Wengine wakianza kuvikwaruza huvitoa. Usifanye hivyo hata kidogo. Alaimenti fanya baada ya kilomita mia chache, springi zikishakaa, na taa za mbele zipimwe siku hiyohiyo.

Lile gari la mwanzo tulilipandisha milimita 25, tukaweka stopa mpya, tukakaza bushi upya sakafuni. Shokapu ni zilezile alizotaka nizitupe. Kabla na baada nilipima pengo la juu ya mlango, kona moja ikiwa juu ya jeki, kujua kama bodi yenyewe imechoka. Haikuwa imechoka, na mlango ulifunga bila kusukumwa.