Kabla ya kujiunga na klabu ya matanga, nenda ukaione maji yakiwa yamekupwa

Wanaonunua yoti ndogo kwa mara ya kwanza wanapokuja kwetu kuomba ushauri wa klabu, aghalabu huja na picha kwenye simu. Picha zenyewe hufanana. Maji yamejaa hadi ukingoni, vyombo vyote vimeelekeza omo (sehemu ya mbele) upande mmoja, boya la kufungia chombo linang'aa, na nyuma yake kuna nyumba ya klabu yenye baraza pana. Mimi huuliza maswali mawili tu: ulipiga saa ngapi, na siku hiyo mwezi ulikuwa na siku ngapi? Wengi hucheka wakidhani ni mzaha. Maji yakijaa hupwa, wahenga walisema, lakini hawakututajia saa, na anayetafuta mahali pa kufunga chombo hana budi kuijua.

Katika pwani nyingi za dunia maji hujaa mara mbili kwa siku, kila baada ya saa 12 na dakika 25 hivi. Siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo, na vilevile baada ya mwezi mpevu, hujaa sana na kupwa sana, na hiyo ndiyo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, hujaa kidogo na kupwa kidogo, nayo ni maji mafu. Tofauti ya mahali na mahali ni kubwa mno. Katika Ghuba ya Fundy, huko Kanada, maji yanaweza kupanda mita 16 hivi, na sehemu nyingi za Mediterania hazifikii hata nusu mita. Aliye Mediterania anaweza kuiruka nusu ya makala hii bila hasara.

Jambo ambalo hata watu waliokaa pwani miaka mingi hawalitilii maanani ni hili. Kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi, kwa hiyo katika wiki mbili huwa yamechelewa takriban saa 12, yaani yamerudi palepale. Ndiyo maana mahali pamoja bamvua hujaa karibu saa zilezile mwaka mzima. Tuseme mahali fulani bamvua hujaa saa 11 alfajiri na saa 11 jioni. Basi kila bamvua, saa 5 asubuhi utakuta tope tupu. Maji mafu, kinyume chake, yatajaa kwenye hiyo saa 5 asubuhi. Mtu mwenye nafasi ya kwenda baharini Jumamosi asubuhi tu, na chombo chake kinakaa mahali pakavu maji yakipwa, ataondoka wiki za maji mafu peke yake. Na maji mafu ndiyo hasa yanayojaa kidogo. Hakuna anayekuambia hivi unapopewa fomu ya uanachama, si kwa ubaya, bali kwa sababu wenyeji wa pale wamekwisha kuyazoea na hawayaoni tena.

Hesabu yake si ngumu, na ni bora uifanye mwenyewe kuliko kuambiwa "hapa unatoka saa yoyote". Chukua jedwali la maji kupwa na kujaa la mahali hapo, pamoja na ramani ya bahari. Kwenye ramani, tarakimu zilizopigiwa mstari chini yake ni za mahali panapobaki pakavu: zinaonyesha ardhi imeinuka kiasi gani juu ya kile kina cha sifuri ambacho ramani yote inapimia. Kisha tumia kanuni ya mabaharia ya sehemu kumi na mbili: kati ya kupwa na kujaa, saa ya kwanza maji hupanda sehemu 1 kati ya 12, saa ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, na ya sita 1. Ni makadirio, na kwenye mito na njia nyembamba huweza kupotosha, lakini kwa kuchagua mahali yanatosha.

Tuseme yoti yako inazama mita 1.2, nawe unataka nafasi ya sentimita 30 chini ya mkuku, yaani ule uti wa chini kabisa wa chombo. Unahitaji mita 1.5 za maji. Boya unaloonyeshwa liko mahali palipoinuka mita 0.8, kwa hiyo jedwali lazima lifike mita 2.3 ndipo uondoke. Siku ya bamvua inayopwa hadi 0.4 na kujaa hadi 4.0, maji yatafika hapo baada ya saa 3 na dakika chache. Hivyo una karibu saa 6 za kutoka na kurudi, nusu kabla ya kujaa na nusu baada yake. Siku ya maji mafu yanayopwa hadi 1.5 tu na kujaa hadi 2.7, una kama saa 4 na dakika 40. Si mbaya. Sasa sogea hatua kadhaa kuelekea ufukweni, kwenye boya la bei nafuu zaidi, ambapo ardhi imeinuka mita 1.4. Hapo unahitaji 2.9. Bamvua bado inakupa zaidi ya saa 4. Maji mafu hayafiki kabisa! Yakijaa yanakuachia sentimita 10 tu chini ya mkuku. Siku kadhaa mfululizo, mchana na usiku, hutapata nafasi uliyoitaka ya kuondoka, na hakuna la kufanya ila kungoja mwezi.

Nimeshuhudia hili likimpata bwana mmoja aliyekagua boya lake siku ya bamvua, akalipia mwaka mzima siku hiyohiyo, na juma lililofuata akaja kulalamika kwamba bahari imejaa mchanga. Bahari haikuwa na kosa.

Kwa hiyo nenda maji yakiwa yamekupwa, vaa viatu vya mpira, chukua fimbo ndefu, na utembee hadi chini ya boya lenyewe, bora zaidi ukiwa na mwenyeji anayejua tope lilivyo na saa maji yanayorudi. Unakwenda kuangalia mambo ambayo picha haiwezi kuonyesha. Tope laini hupokea chombo taratibu na kukikumbatia. Mchanga mgumu ni mzuri siku za utulivu, lakini mawimbi yakiingia wakati chombo kinaelea nusunusu, mkuku utagongwa chini mara mia kabla haujainuka. Mawe usiyakubali kabisa. Tazama kama pana mteremko: yoti inayolalia upande wa bondeni inaweza kuingiwa na maji yanayopanda kabla haijapata nguvu ya kusimama. Tazama pia kama zege au nanga ya boya, yako au ya jirani, imechomoza juu ya tope. Chombo kilichotobolewa na nanga yake chenyewe si hadithi ya kubuni.

Umbo la mkuku ndilo linaloamua kama unaweza kukaa mahali pakavu hata kidogo. Yoti yenye mikuku pacha husimama wima kama meza na haina wasiwasi. Yenye mkuku wa kuinuliwa hulala chini vizuri, ingawa kokoto hupenda kuingia kwenye mfereji wa mkuku na kuukwamisha. Yenye mkuku mmoja mrefu na mwembamba italala ubavu mara mbili kwa siku, mafuta na maji ya betri yakimwagika ndani, isipokuwa uifungie miguu ya kuiegemeza. Kwa chombo cha namna hii ushauri wangu ni mmoja: tafuta maji yasiyokauka, hata kama ni mbali zaidi na nyumbani, hata kama foleni yake ni ndefu.

Sasa kilicho chini ya boya. Boya ni alama tu. Kinachoshika chombo ni uzito ulioko chini na mnyororo. Watu hujivunia zege la tani moja, lakini zege likizama hupoteza zaidi ya asilimia 40 ya uzito wake, hivyo tani hiyo hushika kama kilo 570. Chuma hupoteza asilimia 13 hivi. Zege lililofukiwa ndani ya tope hushika vizuri kuliko lililokaa juu ya mchanga, na nanga ya parafujo iliyozungushwa ardhini huweza kushika kuliko zote mbili ikiwa ardhi inaifaa. Mnyororo huliwa haraka zaidi pale unapogusa ardhi na kuinuka, kwa sababu hapo husagwa na mchanga kila maji yanapogeuka. Kipande cha juu kinaweza kuonekana kipya huku kile cha chini kimebaki kama waya. Anayekuambia amekagua kwa kutazama boya kutoka kwenye mashua hajakagua chochote. Uliza mnyororo ulipandishwa lini, nani aliupima, na iko wapi karatasi yake. Kampuni nyingi za bima zitataka karatasi hiyo hiyo. Shekeli zote (pingu za chuma zinazounga mnyororo) ziwe zimefungwa waya zisijifungue, na usichanganye chuma cha pua na chuma cha mabati kwenye kiungo kimoja, maana ndani ya maji ya chumvi kimoja kitamla mwenzake.

Urefu wa mnyororo hupimwa kwa bamvua kubwa kabisa, zile za karibu na Machi na Septemba, kisha huongezwa kwa ajili ya dhoruba. Mgandamizo wa hewa ukishuka kwa hektopaskali 1, bahari hupanda kwa sentimita 1 hivi, na upepo unaosukuma maji kuelekea nchi kavu huongeza zaidi. Lakini mnyororo unaotosha maji yakijaa huwa mrefu mno yakipwa, na hapo ndipo duara la chombo hupanuka na kumfikia jirani. Angalia jirani ni wa aina gani. Yoti yenye mkuku mrefu hufuata mkondo. Boti ya injini isiyozama sana hufuata upepo. Upepo na mkondo vikipingana, moja itaelekea huku na nyingine kule, na zitaumana usiku kucha.

Baada ya kuona chini, rudi tena maji yakijaa, siku yenye upepo. Sehemu nyingi zinazosifiwa kwa utulivu hukingwa na fungu la mchanga. Maji yakipwa fungu ni ukuta. Bamvua ikijaa, fungu limefunikwa na mita mbili za maji na mawimbi yanapita juu yake kana kwamba halipo. Kaa ufukweni nusu saa, hesabu vyombo vinavyopiga vichwa, kisha muulize mvuvi yeyote ni upepo gani unaotisha pale. Atakuonyesha kwa kidole bila kufikiri.

Nimechelewa kuitaja klabu yenyewe, na nimefanya hivyo makusudi. Baraza, jiko na vikombe vya ushindi havikusaidii usiku wa dhoruba. Ninachopenda kujua ni nani hutembea ufukweni asubuhi baada ya upepo mkali, na kama ana namba ya simu ya kila mwenye chombo. Klabu ambayo wanachama hutumbukia wenyewe topeni kubadilisha minyororo huwa na sura ya kichovu, nami huiamini. Uliza saa za mashindano hupangwaje: kwa kalenda ya ofisi au kwa jedwali la maji? Uliza mashua ya uokoaji hutoka lini na nani huiendesha. Tazama njia ya kutokea. Kama inapita kwenye mlango wa meli kubwa, Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Kugongana Baharini za mwaka 1972 zinasema wazi katika kanuni ya 9 kwamba chombo cha urefu usiofika mita 20, au chombo cha matanga, kisizuie meli isiyoweza kupita salama ila ndani ya mlango huo. Klabu nzuri hufundisha hilo siku ya kwanza, kwa kuwa wengi bado wanadhani tanga lina haki juu ya kila kitu chenye injini.

Kuhusu makaratasi sitasema mengi. Soma kama boya ni lako au umekodishiwa, kama linahama pamoja na yoti ukiiuza (mara nyingi halihami), nani analipa mnyororo ukikatika na chombo chako kikamvunja mwingine, na klabu yenyewe inamiliki eneo hilo la bahari au ni mpangaji tu. Kama ni mpangaji, uliza mkataba unaisha lini. Mkiweza kukubaliana, omba uwe mgeni msimu mmoja, upande kama baharia kwenye vyombo vya wengine. Utaijua klabu vizuri zaidi ukiwa unavuta kamba ya mtu kuliko ukiwa unasoma katiba.

Limebaki la kihori. Ile safari fupi ya kutoka ufukweni hadi kwenye boya ndiyo watu huidharau kuliko zote, nayo hufanyika kwenye chombo kidogo kuliko vyote, mara nyingi kikiwa kimepakiwa kupita kiasi, na mara nyingi usiku. Siku ya kukagua, piga makasia mwenyewe hadi kwenye boya na kurudi, mkondo wa bamvua ukiwa umekaza, saa ya tatu au ya nne tangu maji yaanze kutoka. Vaa jaketi la kuokolea maisha, na mwenzako abaki ufukweni anakutazama. Ukishindwa kurudi bila kuvutwa ukiwa na nguvu zako zote mchana kweupe, omba boya jingine.