Mtoto Akimeza Tembe za Kuongeza Damu

Tembe za kuongeza damu ambazo mama mjamzito hupewa kliniki zina miligramu 60 za madini ya chuma kila moja, pamoja na mikrogramu 400 za asidi ya foliki. Mama azimeze bila woga. Hatari ni ya mtoto mdogo anayezikuta juu ya meza au chini ya mto, akazila kama peremende.

Kipimo cha hatari hutegemea uzito. Mtoto akimeza chini ya miligramu 20 za chuma kwa kila kilo ya uzito wake, kwa kawaida hadhuriki sana. Akipita miligramu 60 kwa kilo, maisha yake yako hatarini. Mwenye kilo 10 hufika hapo kwa tembe 10 tu.

Mwili hauna njia ya kukitoa nje chuma kilichozidi. Kwanza huunguza utando wa tumbo na utumbo, na mtoto hutapika na kuhara, pengine damu, hadi maji mwilini yapungue. Kinachoingia kwenye damu huzidi uwezo wa transferini, protini inayokibeba. Chuma kilichobaki huru hulegeza mishipa na kuifanya ivuje, hudhoofisha moyo, na huzuia seli kutumia oksijeni, hivyo asidi hujaa mwilini. Damu haisukumwi tena vya kutosha kufikia viungo. Huo ndio mshtuko wa mzunguko wa damu.

Kinachotusikitisha zaidi ni kipindi cha kati ya saa 6 na 24. Kutapika hukoma, mtoto hutulia, na wazazi hudhani amepona. Kumbe sumu inaendelea kuingia kwenye ini na moyo. Mguse mikono na miguu: ikiwa baridi, mapigo yakienda mbio lakini hafifu, au ukimbonyeza ukucha na rangi ikachukua zaidi ya sekunde 3 kurudi, mshtuko umeanza. Usingoje dalili hizo. Shinikizo la damu la mtoto hushuka mwishoni kabisa, akiwa tayari amelemewa.

Usimtapishe. Mkaa wa dawa haushiki chuma, kwa hiyo usipoteze muda kuutafuta. Beba pakiti, hesabu tembe zilizobaki, kumbuka saa, kisha umkimbize kwenye hospitali inayolaza watoto, kama Mama Lucy Kibaki au Kenyatta jijini Nairobi, ikiwa ndiyo iliyo karibu. Huko atawekewa dripu, apigwe eksirei ya tumbo kutazama tembe ambazo hazijayeyuka, na pengine asafishwe utumbo. Sumu ikiwa kali, hupewa deferoksamini kupitia mshipa, kwa kawaida miligramu 15 kwa kilo kila saa. Dawa hiyo hukamata chuma na kukitoa kwa mkojo, ambao unaweza kuwa mwekundu.

Akiruhusiwa kwenda nyumbani, kisha akaanza kutapika tena kati ya wiki ya 2 na ya 8, mrudishe hospitali: kovu la kidonda huweza kuziba njia ya chakula.