Esattore: Kijiko cha Uboho katika Mlo wa Ossobuco

Esattore ni kijiko kirefu na chembamba cha kutolea uboho ndani ya mfupa, na mahali pake hasa ni kwenye meza za Milano, kaskazini mwa Italia, panapoandaliwa ossobuco, yaani vipande vya muundi wa ndama vinavyokatwa kwa kukingama, mfupa ukibaki katikati kama pete na nyama ikiuzunguka. Jina lenyewe ni la utani: esattore ni mtoza kodi, mtu anayefikia hata kilichofichwa chini kabisa mwa mfuko.

Haja ya kijiko hiki inatokana na mfupa wenyewe. Kipande cha ossobuco huwa na unene wa sentimita 4 hivi, na tundu lake ni jembamba kiasi kwamba kijiko cha kawaida hakipenyi vizuri, ilhali ncha ya kisu huukatakata uboho na kuacha sehemu yake imenata ndani. Kuugonga mfupa kwenye sahani hurusha mchuzi. Kuufyonza kunawezekana, lakini mlaji atakuwa amejinyima raha iliyokusudiwa, kwa sababu uboho huo huchanganywa na risotto ya Milano, wali laini wa zafarani ambao kwa desturi nao hupikwa kwa uboho wa ng'ombe.

Kwa hiyo kichwa cha esattore hakina umbo la duara; ni mfereji mwembamba wenye ncha butu. Mlaji hukipitisha taratibu baina ya uboho na mfupa, akakizungusha, kisha akakiinua, na uboho ukatoka ukiwa mzima, laini, unatetemeka. Vyombo vya namna hii havikuwa vya Italia pekee: katika Uingereza ya karne ya 18, mafundi walifua vijiko vya madini ya fedha vyenye mfereji kila upande, mmoja mpana na mwingine mwembamba, kulingana na ukubwa wa mfupa.

Jikoni nako uboho hulindwa. Nyama hupikwa kwa moto mdogo kwa muda wa saa 2 hivi, pamoja na divai nyeupe na supu, na mpishi hugeuza vipande kwa uangalifu, kwani uboho ukidondokea sufuriani huyeyukia mchuzini. Mwishoni hunyunyiziwa gremolata, yenye maganda ya limau na kitunguu saumu, ili kupunguza uzito wa mafuta. Pasipo na esattore, mpini mwembamba wa kijiko cha chai unafaa kuliko kisu.