Petroli yenye ethanoli na viungio vya mashine kuukuu za boti

Nahodha akivuka kutoka Mbamba Bay hadi Nkhata Bay na kujaza tangi huko, huenda akarudi na petroli isiyofanana na ile aliyoondoka nayo. Malawi ilianza kuchanganya ethanoli, aina ya pombe, kwenye petroli mwaka 1982. Ethanoli hiyo hutokana na molasi ya sukari, na kiwanda chake cha kwanza kipo Dwangwa, kandokando ya Ziwa Nyasa lenyewe. Kenya nayo iliwahi kuuza petroli ya namna hiyo miaka ya 1980, kwa spiriti ya miwa ya Muhoroni. Gari la kisasa halijali. Anayejali ni mwenye mashine ya boti iliyotengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 1980, maana mpira wake, oringi zake (pete za mpira za kuzibia) na dawa iliyozibia viungio vyake havikuandaliwa kukutana na pombe.

Karakanani kwetu mashine za namna hii huletwa na malalamiko yanayofanana: inawaka vizuri ufukweni, ikifika maji makuu inakohoa na kuzima, ukibonyeza lile yai la mpira kwenye njia ya mafuta inaamka tena. Fundi wa kwanza huwa ameshabadilisha plagi. Wa pili amefungua kabureta. Kiungio cha tangini hakuna aliyekigusa, kwa sababu hakidondoshi hata tone.

Na hapo ndipo penye kosa. Njia ya mafuta ina pande mbili. Kutoka pampu ya mashine kwenda kabureta mafuta yanasukumwa, kwa hiyo kiungio kibovu upande huo hutoa petroli nje. Utaiona na utainusa. Kutoka tangini kuja pampuni mafuta yananyonywa. Kiungio kibovu upande huu huingiza hewa, na kwa nje kinabaki kikavu. Mashine inapata mafuta pungufu na hewa ya ziada, inapata joto, na ikiwa ni ya viharusi viwili (two-stroke) inapungukiwa pia na oili, kwa kuwa oili yake husafiri ndani ya petroli hiyo hiyo. Pistoni nyingi zilizoganda zilianzia kwenye kiungio kikavu.

Kwa nini ethanoli ifungue kilichokaa miaka thelathini bila shida? Mafundi wa zamani walizibia thredi (meno ya skrubu ya kiungio) kwa shelaki. Maseremala wanaifahamu: vile vipande vya rangi ya kahawia vinavyolowekwa kwenye spiriti usiku kucha, asubuhi vimekuwa polishi ya kabati. Petroli tupu haiisumbui shelaki. Spiriti ndiyo inayoiyeyusha, na ethanoli ndiyo spiriti yenyewe. Kwa hiyo unapomimina petroli iliyochanganywa kwenye mashine iliyozibwa kwa shelaki, umemimina kiyeyushi chake.

Sabuni ya mche nayo ina historia hiyo hiyo. Ni kweli, ukiisugua kwenye ufa wa tangi inazuia petroli, na nimewahi kurudi nyumbani kwa sabuni mimi mwenyewe. Inafanya kazi kwa sababu petroli haiyeyushi sabuni. Pombe na maji vinailainisha, na tangi la boti lina vyote viwili. Utepe wa tyubu ya tairi, unaofungwa kwa nguvu juu ya kiungio, huvimba na kulegea kwa petroli ya aina yoyote. Hizi ni dawa za kukufikisha pwani. Kesho yake zitolewe.

Kabla ya kushika spana, tambua kwanza kiungio ni cha aina gani, kwa sababu si kila kiungio hupakwa dawa. Kile cha thredi zilizochongoka, zinazoanza nyembamba na kunenepa kadiri unavyokaza, ndicho pekee kinachohitaji dawa: thredi zenyewe huacha njia ndogo ya kuzungukazunguka na dawa inaijaza. Kiungio cha bomba la shaba lenye mdomo uliopanuliwa kama tarumbeta hujiziba kwa chuma kukandamiza chuma; ukipaka kitu chochote hapo unazuia nyuso mbili zisikutane. Chenye oringi huzibwa na oringi, nawe kazi yako ni kuibadilisha kwa iliyotengenezwa kwa Viton, mpira unaohimili petroli yenye ethanoli. Na mpira unaovikwa kwenye nipo, yaani ncha ya bomba yenye miinuko, huzibwa na klampu peke yake. Nimeona mpira umegandishwa kwenye nipo kwa gundi ya dukani; uliponyofoka, vipande vya gundi vilikutwa kwenye kabureta.

Kwa thredi zilizochongoka, tumia pesti yenye PTFE (Teflon) iliyoandikwa koponi kwamba inahimili petroli na alkoholi. Ile tepu nyeupe ya mafundi bomba iacheni kwenye mabomba ya maji. Kinachozuiwa hapa si PTFE, kwa kuwa hata pesti ninayoisifu inayo. Tatizo ni nyuzinyuzi: tepu huchanika wakati wa kukaza, kipande kinasafiri na mafuta hadi kwenye sindano ya kabureta au vali ya yai la mpira, na mashine inakufa kwa ugonjwa mpya. Silikoni ya mirija ndiyo mbaya kuliko zote; petroli huivimbisha ikakatika vipande.

Toa kwanza dawa ya zamani yote kwa brashi ya shaba na kitambaa chenye spiriti. Paka pesti nyembamba kwenye thredi ya kiume, ukiacha thredi moja au mbili za mwanzo wazi ili isiingie ndani ya bomba. Kaza kwa mkono hadi ishike, kisha kwa spana mzunguko mmoja na nusu hivi. Ukishapita mahali ulipotaka, usirudishe nyuma kukinyoosha kiungio. Kifungue, kisafishe, uanze upya. Mwili wa alumini wa pampu ya zamani hupasuka kwa mkono wa mtu mwenye hasira.

Kuna mtego mwingine ambao pesti haiutibu. Mashine kuukuu za Kimarekani, Johnson na Evinrude kwa mfano, hutumia thredi za NPT, kipimo cha Kimarekani. Maduka yetu ya mabomba huuza za BSP, kipimo cha Kiingereza. Kwenye robo inchi NPT ina meno 18 kwa inchi na BSP ina 19, na pembe za meno hazilingani. Kiungio kitaingia mizunguko miwili mitatu, kitakaza, utadhani kimekaa. Kimekwama tu. Hesabu meno kabla ya kununua.

Mpira wenyewe ununue uliochapwa ubavuni SAE J1527, kiwango cha mipira ya mafuta ya boti. Ule mpira mweupe unaoonyesha ndani, wa kupimia levo, wanaoutumia waashi, hukakamaa ukapasuka. Nautumia kwa kazi moja tu. Unganisha kipande kifupi chake kabla ya pampu, washa mashine boti ikiwa imefungwa gatini, uangalie. Mapovu yanayopita mfululizo ni hewa, na chanzo chake kiko nyuma ya hapo, upande wa tangi. Kaza au badilisha kiungio kimoja kimoja hadi mapovu yakome, kisha kipande hicho ukitoe. Kwa upande wa mashine, bonyeza yai hadi liwe gumu na upake povu la sabuni kwenye viungio. Haya yafanyike mahali pa wazi, betri imefunguliwa isipokuwa unapowasha mashine, bila sigara, na ngama (sehemu ya chini kabisa ndani ya boti) iwe imekaushwa, kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hukaa chini humo.

Kujua kama petroli uliyonunua ina ethanoli ni rahisi. Chukua chupa nyembamba ya kioo, tia maji kidogo, weka alama, jaza petroli mara kumi ya maji hayo, tikisa, uache itulie. Kama maji yanaonekana yamepanda juu ya alama, ethanoli imehamia kwenye maji.

Kipimo hicho ndicho kinachotokea tangini bila wewe kupenda. Petroli yenye ethanoli asilimia 10 hubeba takriban mililita 5 za maji kwa lita. Tangi la lita 25 linafikia kikomo kwa nusu kikombe cha chai, na wimbi moja la mwera, ule upepo mkali wa kusini-mashariki, linaweza kuleta zaidi ya hapo kupitia kifuniko kilicholegea. Maji yakizidi, yanashuka chini pamoja na ethanoli, na oili inabaki juu na petroli. Mrija wa kunyonyea uko chini. Usilitikise tangi ukidhani utavirudisha pamoja: limwage lote kwenye chombo cha taka za mafuta, ulikaushe, ubadilishe filta, kisha uibadilishe tena baada ya tangi la pili, kwa kuwa ethanoli itakuwa imebandua utandu wa miaka yote.